Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kujifunza Kubuni Tovuti kwa Kuzikagua

Ukimwuliza mwanafunzi namna ya kujifunza kubuni tovuti, atakutajia lugha za kompyuta: HTML ya kuusimamisha ukurasa, CSS ya kuupamba na JavaScript ya kuufanya uitikie. Hajakosea. Lakini mtu anaweza kuzimudu zote tatu na bado akatengeneza ukurasa ambao mama yake mzazi hawezi kuutumia. Ndiyo maana muhula huu baadhi yetu katika chama tuliamua kuanzia upande wa pili. Kabla ya kujenga chochote, tulitumia Jumamosi nne kukagua kazi iliyokwisha kujengwa na wengine, tukiuliza swali moja tu: je, mtu aliyekusudiwa anaweza kufanya alichokuja kufanya?

Tulikuwa na sababu ya nyumbani pia. Karibu kila mmoja wetu aliyelelewa hapa Uingereza na wazazi waliotoka Unguja, Mombasa, Tanga au Bukavu ana kazi ya pili isiyo na mshahara: yeye ni karani wa familia. Miadi ya daktari, nafasi ya shule ya mdogo wako, kodi ya nyumba, pasi ya basi ya bibi, yote siku hizi yamo mtandaoni, na yote hupitia mikononi mwako. Simu inalia ukiwa maktaba: "Mwanangu, ukurasa huu unanitaka nini?" Kisha mzazi huongeza maneno ambayo sote tumeyasikia: "Mimi mambo haya ya mitambo siyawezi."

Makala haya yanahusu maneno hayo ya mwisho. Tulichokiona katika Jumamosi hizo nne ni kwamba mara nyingi mzazi anaweza. Ukurasa ndio usioweza.

Nini maana ya tovuti iliyo rahisi kutumia?

Watu husema tovuti fulani ni rahisi au ngumu kana kwamba wanazungumzia uzito wa gunia. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, limeeleza jambo hili kwa uangalifu zaidi katika kiwango chake namba 9241-11. Linauliza mambo matatu. Watumiaji fulani, wenye lengo fulani, katika mazingira fulani, wanalifikia lengo lao? Wanalifikia kwa nguvu na muda kiasi gani? Na je, wanabaki wameridhika?

Neno "fulani" ndilo lenye uzito hapo. Ukurasa uleule wa kuomba miadi unaweza kuwa mwepesi kwa mwanafunzi mwenye kompyuta mpya na mgumu kwa bibi aliye ndani ya basi, simu yake ina ufa kwenye kioo, miwani ameisahau na Kiingereza ni lugha yake ya tatu. Kwa hiyo mbunifu akisema "ukurasa wangu ni rahisi", jibu sahihi ni swali: rahisi kwa nani, akifanya nini, akiwa wapi?

Don Norman, mtaalamu wa Marekani aliyeandika mwaka 1988 kuhusu usanifu wa vitu vya kila siku, aligundua kwamba watu wakishindwa kutumia kitu hujilaumu wenyewe. Mfano wake maarufu ni mlango. Ukiwekewa mpini wa kuvuta kwenye mlango unaopaswa kusukumwa, utauvuta, na ukigoma utaona haya mbele za watu, ingawa aliyekosea ni fundi aliyeweka mpini. Wazazi wetu wanavuta milango ya namna hiyo kila wiki.

Njia ya kwanza: kukagua kwa kanuni

Njia nyepesi ya kuanza haihitaji mtumiaji wala mashine yoyote maalumu. Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Denmark, Rolf Molich na Jakob Nielsen, walieleza namna ya kukagua mfumo kwa kuulinganisha na orodha fupi ya kanuni. Mwaka 1994 Nielsen alizipanga upya zikawa 10, na hadi leo hufundishwa vyuoni. Sisi tuliziandika kwa Kiswahili chetu tukazibandika ukutani:

1. Mtumiaji ajue wakati wote kinachoendelea.
2. Ukurasa useme lugha ya watu, si lugha ya ofisi wala ya mitambo.
3. Aliyeingia pasipo aone mlango wa kutokea na njia ya kutengua alichofanya.
4. Kitu kimoja kiitwe jina moja kila mahali.
5. Kosa lizuiwe kabla halijatokea.
6. Mtu aone chaguo mbele yake, asilazimike kukumbuka.
7. Mgeni asipotee, na mzoefu apate njia ya mkato.
8. Yasiyohitajika yaondolewe.
9. Ujumbe wa kosa useme kosa ni lipi na lirekebishwe vipi.
10. Msaada uwepo, na upatikane haraka.

Utaratibu wake una siri moja. Kila mkaguzi hufanya kazi peke yake kwanza, ndipo wote hukutana kuunganisha orodha zao. Mkiketi pamoja tangu mwanzo, mwenye sauti kubwa ataona na wengine wataitikia. Nielsen alipendekeza wakaguzi 3 hadi 5, kwa sababu kila mmoja huona matatizo ambayo mwenzake ameyapita. Hilo tulilithibitisha siku ya kwanza: mwanafunzi wa sheria katika kundi letu alisoma masharti ambayo wanafunzi wa kompyuta hawakuyafungua kabisa, na mwanafunzi wa uuguzi alishangaa kwa nini namba ya dharura imewekwa chini kabisa ya ukurasa.

Baada ya kuunganisha, kila tatizo hupewa alama ya uzito kuanzia 0 hadi 4. Sifuri ni kwamba si tatizo. 1 ni la urembo tu. 2 ni dogo. 3 ni kubwa. 4 ni balaa la kurekebishwa kabla ya jambo jingine lolote. Ili kupanga alama, mnajiuliza: linawapata watu wengi? Likimpata mtu, anaweza kuendelea? Na akishalijua, linaondoka au linamsumbua kila mara?

Tulichagua kukagua tovuti ya kituo kimoja cha afya mjini kwetu. Hatutaitaja, kwa sababu shabaha yetu haikuwa kumwaibisha mtu, na pia kwa sababu tuliyoyaona yamo katika tovuti nyingi. Ina kurasa za lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, na hilo peke yake ni jambo la kushukuru.

Kwa kanuni zile 10 tuliona mengi. Fomu ya kujiandikisha ilikuwa na maswali mengi, na ukikosea moja, ujumbe mwekundu ulitokea juu kabisa ukisema tu kwamba taarifa si sahihi. Taarifa ipi? Haikusema. Hiyo ni kanuni ya 9. Ukichelewa kujaza, ukurasa ulijifunga na kufuta kila kitu bila onyo. Hiyo ni kanuni ya 1 na ya 5 kwa pamoja, na tuliipa alama 4.

Kisha kulikuwa na visanduku vya majina: jina la kwanza na jina la ukoo, vyote lazima. Wasomaji wa gazeti hili wanajua tatizo lilipo. Katika familia nyingi za pwani mtu hubeba jina lake, jina la baba na jina la babu. Hakuna jina la ukoo linalorithiwa na wote. Mama, baba na watoto wanaweza kuwa na majina ya mwisho tofauti, na mtu mmoja akaandikishwa kwa babu yake katika ofisi moja na kwa baba yake katika nyingine. Mwongozo wa usanifu wa tovuti za serikali ya Uingereza, GOV.UK, unakiri kwamba kisanduku kimoja cha jina kamili hupokea aina nyingi zaidi za majina. Suluhisho lipo, tena ni jepesi kuliko tatizo lenyewe.

Njia ya pili: kukaa kimya mbele ya mkubwa

Ukaguzi wa kanuni una mpaka wake, kwa sababu wakaguzi ni vijana waliozaliwa na simu mkononi. Mwenyeji hakioni kizingiti anachokiruka kila siku. Mgeni ndiye hujikwaa. Kwa hiyo Jumamosi ya pili tulialika wageni: wazee watano kutoka katika familia zetu. Kulikuwa na chai ya maziwa na mahamri, na kulikuwa na simu mezani.

Kwa nini watano? Mwaka 1993 Nielsen na mwenzake Thomas Landauer walichapisha hesabu kutokana na miradi waliyoichunguza: mtumiaji mmoja, kwa wastani, alifichua asilimia 31 ya matatizo. Wa pili huona mengi ya yaleyale na machache mapya, wa tatu vivyo hivyo. Ukifika wa tano umekwisha kuona takribani asilimia 85. Mwaka 2000 Nielsen alishauri kwamba mwenye uwezo wa kuwaita watu 15 ni afadhali afanye majaribio matatu ya watu watano watano, akirekebisha ukurasa kila baada ya jaribio. Hesabu hiyo ina sharti lake: wanaoitwa wawe wanafanana katika matumizi yao. Kama tovuti ni ya wazee na vijana, chukua wachache kutoka kila upande.

Jaribio lenyewe ni la kumpa mtu kazi na kumwomba afikiri kwa sauti. Kazi isitaje maneno yaliyo kwenye vitufe. Ukimwambia mtu "bonyeza palipoandikwa miadi", umempima macho tu. Sisi tulisema: "Goti linakuuma tangu juzi. Tafuta namna ya kuonana na daktari wiki hii." Baada ya hapo mpimaji hufunga mdomo. Huonyeshi kwa kidole, hukohoi, huinui nyusi.

Vitabu vya fani hii haviwezi kukueleza jinsi kimya hicho kilivyo kigumu kwetu. Tumelelewa kwamba mkubwa akiangusha kitu, unakiokota kabla hajainama. Sasa umeketi mikono mapajani, unamtazama bibi wa watu akipotea, nawe una dawa mfukoni. Tuliweka taratibu tatu za kutuokoa. Ya kwanza: hakuna anayempima mzazi wake mwenyewe. Ya pili: baada ya shikamoo na kuulizana hali, tulisema maneno yaleyale kwa kila mgeni: "Leo tunaupima ukurasa, hatukupimi wewe. Ukikwama, umetusaidia." Ya tatu: mpimaji mmoja anaketi na mgeni, mwingine anaandika, basi.

Jambo la pili ambalo vitabu havikututayarishia ni adabu ya wazee wenyewe. Ukimwuliza mgeni, "Umeuonaje ukurasa?" atakwambia, "Mzuri, mwanangu, Mungu awazidishie." Na mtu huyohuyo dakika mbili zilizopita amerudi mwanzo mara tatu na hakufika. Asingeweza kusema vingine: ameketi kwenye meza yenu, amekunywa chai yenu. Kwa hiyo tulijifunza kuamini mikono kuliko midomo. Kidole kinachoning'inia juu ya kioo bila kugusa. Simu inayosogezwa karibu na uso. Kitufe kinachobonyezwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuna kilichoonekana kutokea. Mwandishi wetu aliandika mambo matatu tu: alichofanya, alichosema na alichotarajia. Safu ya tatu ndiyo iliyotufundisha kubuni.

Mfano mmoja. Kwenye ukurasa wa Kiswahili, menyu ilianza na neno "Nyumbani". Bibi mmoja wa Unguja, tuliyemwomba aulize kuhusu muuguzi wa kumfunga kidonda, alilibonyeza bila kusita. Ukurasa ukabaki palepale. Akalibonyeza tena. Tulipomwuliza alitarajia nini, alijibu kwa utulivu: "Si wamesema nyumbani? Mimi nataka waje nyumbani." Kwa mtu asiyejua mazoea ya tovuti, na katika kituo cha afya, hiyo ndiyo maana ya wazi kabisa ya neno hilo. Sote tulikuwa tumelipita neno hilo tulipokagua kwa kanuni. "Mwanzo" lingetosha.

Mzee mmoja kutoka Bukavu alijaza fomu yote vizuri, akafika mwisho penye kitufe cha "Wasilisha", akasimama. Alikuwa akitafuta "Tuma". Neno la ofisi za Dar es Salaam halikuwa neno la ofisi alizozijua yeye, na ukurasa haukumpa dalili nyingine. Wazee wote watano wanalijua neno "tuma".

Saa kumi ya nani?

Tatizo zito kuliko yote halikuwa la rangi wala la kitufe. Lilikuwa mstari mmoja wa saa za kazi. Ukurasa wa Kiingereza ulisema kliniki ya siku fulani huanza saa 10 hadi saa 4, kwa saa za Kizungu. Ukurasa wa Kiswahili ulisema vilevile: "saa 10 hadi saa 4". Namba zilikuwa zimenakiliwa kama zilivyo.

Msomaji wa Kiswahili anajua kinachofuata. Siku yetu huanza jua likichomoza, na saa 10 asubuhi ya Kizungu kwetu ni saa nne. Saa 4 mchana ya Kizungu kwetu ni saa kumi. Kwa hiyo mstari ule, ukisomwa na Mswahili kwa Kiswahili, unasema kliniki inafunguliwa jioni, saa kumi, na kufungwa saa nne usiku. Maana yake ni kwamba mtu atakayeufuata kwa uaminifu atafika mlangoni dakika ileile mlango unapofungwa.

Mama mmoja kutoka Mombasa alipousoma alitabasamu. "Ndiyo maana," alisema. Hakueleza zaidi, nasi hatukumhoji. Lakini aliongeza kwamba siku zote alidhani ameandika vibaya yeye.

Hapa ndipo ukaguzi ulipoacha kuwa zoezi la darasani kwetu. Ukurasa ule haukuwa na kosa lolote la msimbo. Viungo vyote vilifanya kazi, picha zilifunguka upesi, na programu yoyote ya kupima tovuti ingeupa alama nzuri. Hakuna mashine ingeligundua kosa lile. Lilihitaji mtu anayeishi ndani ya saa zote mbili, kama tunavyoishi sisi. Suluhisho si kuchagua saa moja na kuifuta nyingine, maana wazazi wengi hubadilisha kichwani kila siku na baadhi hutumia saa za Kizungu hata wanapozungumza Kiswahili. Suluhisho ni kuandika bila kuacha nafasi ya shaka: "kuanzia saa nne asubuhi (10:00) hadi saa kumi alasiri (16:00)". Ni maneno machache tu ya ziada.

Ngeli ndani ya kitufe

Wanafunzi wa kompyuta walijifunza sarufi katika kazi hii, na wanafunzi wa lugha walijifunza programu. Programu nyingi hutunga ujumbe kwa kuunganisha vipande: jina la kitu, kisha "imefutwa". Kwa Kiingereza mtindo huo hauleti shida. Kwa Kiswahili unavunjika mara moja, kwa sababu kitenzi hufuata ngeli: picha imefutwa, ujumbe umefutwa, kitabu kimefutwa, majina yamefutwa. Ukitumia kipande kimoja kwa vitu vyote utapata "ujumbe imefutwa", na msomaji ataona kwamba ukurasa huu haukuandikwa kwa ajili yake.

Tulipata njia mbili. Ya kwanza ni kuandika sentensi nzima kwa kila kitu, kazi ndefu lakini salama. Ya pili ni kumfanya mtumiaji awe ndiye mtenda: "Umefuta picha", "Umefuta ujumbe", "Umefuta kitabu". Kiambishi cha mwanzo kinabaki "u-" cha wewe, na kitu chochote kinaweza kufuata bila kuvunja sarufi. Hali ni hiyohiyo kwa idadi: "kitabu 1 kipya" hakiwezi kugeuzwa kuwa vitatu kwa kubadilisha namba peke yake.

Kuna na jambo dogo lisiloonekana kwa macho. Kila ukurasa unaweza kutangaza lugha yake ndani ya msimbo, na alama ya Kiswahili ni "sw". Ukurasa wa Kiswahili uliotangazwa kuwa wa Kiingereza utasomwa na programu ya kusomea vipofu kwa matamshi ya Kiingereza, na hakuna atakayeuelewa. Ni herufi mbili tu, lakini ndizo zinazoamua kama asiyeona atasikia lugha yake.

Vipimo unavyoweza kufanya leo

Mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zifikiwe na watu wote, WCAG, ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1999, na toleo la 2.2 lilitoka 2023. Hapa Uingereza kanuni za 2018 zinayataka mashirika ya umma yaufuate. Sehemu yake kubwa inaweza kujaribiwa na mtu yeyote:

Tofauti ya rangi. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kutofautiana na mandharinyuma kwa angalau 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Kijivu chepesi kinachopendwa na wabunifu mara nyingi hakifiki. Vivinjari vingi vina kifaa cha kupima ndani yake.

Ukubwa. Kuza maandishi hadi asilimia 200. Je, bado unasoma bila maneno kupandana?

Kugusa. Toleo la 2.2 linataka sehemu ya kubonyeza isipungue pikseli 24 kwa 24, isipokuwa katika hali chache. Mpe simu mtu mwenye vidole vinene, utajua mara moja.

Kipanya. Kiweke kando, tembea kwa kitufe cha Tab peke yake. Ukipotea usijue uko wapi, asiyeweza kutumia kipanya naye amepotea.

Kutoka kukagua hadi kubuni

Jumamosi ya tatu hatukufungua kompyuta. Tulichora ukurasa mpya wa miadi kwenye karatasi, kila skrini karatasi yake, tukawaita tena wazee wawili. Mgeni alibonyeza karatasi kwa kidole, na mmoja wetu akacheza nafasi ya kompyuta kwa kubadilisha karatasi. Kuna kicheko kingi katika kazi hii, na kuna faida pia: mtu hukosoa karatasi kwa urahisi kuliko skrini iliyopambwa, kwa sababu anaona bado inaweza kubadilika. Mchoro uliokataliwa saa nne ulichorwa upya saa nne na robo. Msimbo ungechukua wiki.

Jumamosi ya nne tuliandika ripoti ya kurasa mbili kwa kituo kile cha afya. Tulianza na yaliyo mazuri, maana yapo, kisha matatizo kwa uzito wake, kila tatizo na suluhisho lake. La kwanza lilikuwa saa. Tulijibiwa kwa heshima, na mstari wa saa ulirekebishwa. "Nyumbani" sasa ni "Mwanzo". Visanduku vya majina bado viko vilevile, kwa kuwa fomu hiyo hutoka kwenye mfumo ambao kituo hakiudhibiti. Hilo nalo ni somo la ubunifu: ukurasa mmoja huwa na wenye nyumba wengi, na ripoti nzuri husema ni nani anaweza kurekebisha nini.

Kwa walimu wetu tuna ombi. Zoezi hili lingefaa kama kazi ya darasa la Kiswahili, kwa sababu linamlazimisha mwanafunzi kuchagua kati ya "wasilisha" na "tuma" akiwa na mtu halisi mbele yake. Na kwa wanachama wasiosoma kompyuta: mnahitajika kuliko mnavyodhani. Anza wiki hii na ukurasa mmoja unaomsumbua mtu wa nyumbani kwako. Mwombe mwenzako aketi na mzazi wako, nawe uketi na wake. Toa kazi moja, nyamaza dakika 10, andika alichofanya, alichosema na alichotarajia. Kisha mwandikie mwenye tovuti, kwa upole na kwa ufupi.

Na mzazi akisema, "Mimi mambo haya siyawezi," usimnyang'anye simu umalizie wewe. Mwulize kwanza: "Ulitarajia nini kitokee?" Jibu lake ndilo somo la kwanza la kubuni tovuti, na hutalipata katika kitabu chochote.